Mji Uliozima Majiko

Majiko ya Lutengwe yalipozimika kwenye ramani, maofisa walipiga makofi. Hayakuwa makofi ya shangwe kubwa. Yalikuwa ya watu waliochoka, walioletewa habari njema baada ya kukaa muda mrefu bila habari yoyote. Mmoja alimgonga mwenzake begani. Mwingine, aliyekuwa ameshika kikombe cha chai, alikisahau mkononi hadi chai ikapoa.

Meja Subilaga Mwandemba hakupiga makofi. Alikuwa amesimama nyuma ya viti, vumbi la safari bado likiwa kwenye viatu vyake, maana alikuwa amerudi asubuhi hiyohiyo kutoka kwenye kambi za tambarare. Aliitazama ramani mpaka macho yakamuuma.

"Rudisha," alisema. "Tafadhali, nirudishie ile jioni ya kwanza."

Luteni aliyekaa kwenye mtambo akarudisha. Lutengwe ikawaka upya ukutani, kila jiko nukta moja nyekundu, nukta zimejazana kwenye mteremko wa mlima. Kisha nukta moja katikati ya mji, karibu na kanisa la mawe, ikazimika. Zikafuata zilizoizunguka. Kisha zilizozizunguka hizo. Giza likatambaa kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, kama maji yaliyomwagika katikati ya mkeka. Likavuka mto, likafika mtaa wa Bondeni, na jiko la mwisho la Bondeni nalo likazimika.

"Mji mzima umehama," alisema Luteni. "Jioni tatu mfululizo hakuna jiko hata moja. Mjuzi ameshaandika."

Chini ya ramani, kwa zile herufi ndogo za mtambo walioupa jina la Mjuzi, paliandikwa: HAKUNA WATU.

Subilaga alishika mgongo wa kiti. Watu wanaokimbia hawazimi moto namna hiyo. Wanaokimbia huacha sufuria jikoni, nyumba hii inawaka, ile haiwaki, na moto walioutelekeza hufa wenyewe kwa wakati wake. Kuzima kwa mpangilio, nyumba baada ya nyumba, kuanzia jiko moja la katikati, alikuwa amekuona mara moja tu maishani, akiwa mtoto, siku bibi yake alipofariki. Kule milimani Lwivala kila mji una mwenye moto. Siku akifa, jirani humwaga maji jikoni kwake, na jirani wa jirani naye hivyohivyo, mpaka mji mzima ukae baridi. Watu hula ndizi mbivu na maziwa ya mgando, wakimsubiri mtoto wa kwanza wa marehemu aje auwashe moto kwa mkono wake. Baada ya bibi, aliyeuwasha alikuwa mama yake Subilaga, na tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa mwenye moto wa Lutengwe. Nukta ile ya kwanza, karibu na kanisa la mawe, ilikuwa jiko la mama yake.

Kwa hiyo mama alikuwa amekufa. Subilaga aliipata habari hiyo akiwa ndani ya sare, katikati ya watu wanaopongezana, na hapakuwa na hata mmoja wa kumpa pole. Hakupata nafasi ya kulia, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuelewa jambo la pili, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Yeye ndiye mtoto pekee. Lutengwe ilikuwa imekaa kwenye baridi ikimsubiri yeye.

"Jenerali," alisema. "Pale pana watu."

Jenerali Sefania Mkondola aligeuka. Alikuwa mtu mpole, kusema kweli, na angekuwa katili ingekuwa rahisi zaidi kumchukia. Tangu mkewe amwachishe sigara alikuwa akitafuna njiti za kiberiti, na kasha la kiberiti halikukosekana mezani kwake. Alijua majina ya watoto wa madereva wake. Mwanzoni mwa vita alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema maneno ambayo nchi nzima iliyapenda, na Subilaga aliyapenda pia: Shirikisho halitapiga mahali wanapoishi watu. Litajuaje wanapoishi, hakusema. Hiyo ilikuwa siri ya makao makuu, na wenyewe waliiita Kanuni ya Jiko.

Mtambo ulikuwa wa ajabu, asiuone mtu mchezo. Mbegu za Mjuzi zilimwagwa angani kwa mamilioni, nyepesi kama sufi, zikapeperuka juu ya milima na kutua kwenye mapaa na mashamba ya viazi. Kila mbegu ilihisi joto la mahali ilipo na kulitaja. Mjuzi aliyakusanya yote, akatofautisha jiko na ng'ombe aliyelala, akatofautisha jiko na bati lililopigwa jua, akajua kila nyumba inapika saa ngapi. Umeme wa milimani ulikuwa umekatwa na gesi haikupanda tena huko, kwa hiyo anayetaka kula lazima awashe kuni, na anayewasha kuni anaonekana. Vipungu, ndege zile zisizo na rubani, havikumuuliza mtu vipige wapi. Vilimuuliza Mjuzi mtaa kwa mtaa kama pana majiko, na vikijibiwa yapo, vilipita.

Kampeni ilikuwa imepangwa kwisha kabla ya mvua za vuli. Vipungu vingevunja madaraja na maghala, Walwivala wangeona hawana pa kutokea, wangesalimu amri. Mvua zilikuja, zikapita, na hakuna aliyesalimu amri. Badala ya kujiuliza kama mpango wenyewe ulikuwa mbovu, wakubwa walibadilisha kipimo. Ushindi sasa ukawa ni wananchi kuhama, na kila jiko lililozimika likahesabiwa kuwa ni familia moja iliyowatoroka waasi. Kisha mtu akasema kwamba majiko machache yanayosalia mtaani huenda ni ya askari, basi mtaa ambao nyumba zake nyingi hazipiki nao ukahesabiwa hauna watu. Hilo lilipitishwa wakati wa chai, kati ya maandazi na karanga. Subilaga alikuwemo, na alinyamaza kama wengine.

"Meja," alisema Jenerali kwa upole, "umeona mwenyewe. Jioni tatu."

"Wamefiwa, Jenerali. Mwenye moto wao amekufa. Kwetu akifa huyo, mji mzima unazima moto mpaka mtoto wake aje."

"Umeyajuaje haya yote kwa kutazama nukta?"

"Kwa sababu ni mama yangu."

Jenerali alitoa njiti mdomoni. "Pole sana, Meja," alisema, na ilitoka moyoni, lakini haikumfikisha popote. "Pole sana. Ila majonzi yanaweza kumwonyesha mtu vitu visivyokuwepo."

"Basi yaacheni majonzi yangu pembeni. Mimi natoka kambi ya mapokezi. Mahema tuliyowawekea wakimbizi bado yamefungwa kamba. Wapishi wanacheza bao mchana kutwa. Mwakila ilihama, Ifumbe ikahama, Nsongola ikahama, tumepiga makofi mara zote hizo. Hao watu wako wapi?"

"Msituni."

"Msituni pia mmemwaga mbegu. Wameonekana?"

Luteni akainamia mtambo wake, na hapo ndipo Subilaga alipoelewa maana ya maneno yake mwenyewe. Mwakila ilipigwa ghala, watu wakafa. Mji ukaomboleza, ukazima moto. Mjuzi akaandika hakuna watu, vipungu vikarudi. Ifumbe hivyohivyo. Walikuwa wakiwaua watu kwa sababu wanalia wafu wao.

Jenerali alikwenda dirishani akatazama mawingu. "Kapteni Mnyone amekwama na vijana wake kwenye korongo chini ya kilima cha Nyavula," alisema. "Mizinga ya waasi iko juu yake, na makombora ya mizinga hiyo yanafichwa kwenye nyumba tupu za Lutengwe. Nikiziacha, vijana wale wanakwisha. Niambie nifanye nini."

"Tuma mtu mmoja tu akaangalie."

"Apite wapi? Madaraja tumeyavunja sisi." Alisema hivyo bila kejeli, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mawingu yatafunguka alasiri. Vipungu vitaruka. Wewe nenda kapumzike, Meja, hilo ni agizo."

Alipopita kando ya meza, Subilaga alilichukua lile kasha la kiberiti akalitia mfukoni. Hakujua kwa nini. Mkono wenyewe ulikwenda.

*

Hakwenda kupumzika. Alikwenda chumba cha redio, ambako Mhandisi Idrisa Shomvi, baba wa Mjuzi, alikuwa amekaa peke yake akila muhogo kwenye sahani ya bati. Tangu mtambo wake uanze kusifiwa, mtu huyu alikuwa akikonda.

"Mjuzi anaweza kuujua msiba?" Subilaga alimuuliza.

"Mjuzi anajua joto tu." Shomvi aliisukuma sahani. "Niliomba mwaka mmoja nikakae kule milimani. Nijue watu wanapika lini, na wasipopika ni kwa nini. Nikaambiwa vita havisubiri. Nilipaswa kukataa kuwakabidhi mtambo, Meja. Sikukataa."

"Lutengwe wamefiwa. Vipungu vinaruka alasiri."

Shomvi alifumba macho. "Vikisharuka vinamsikiliza Mjuzi peke yake, na anayeweza kuvirudisha ni Jenerali tu. Hana mpango wa kuvirudisha?"

"Hana."

"Basi imebaki njia moja. Wapike." Alilisema, kisha akatazama mlangoni, maana wote wawili walijua uzito wa neno lile. Redio ya milimani haina siri. Ukiwaambia watu wa Lutengwe kwamba jiko ndilo linalowaokoa, umewaambia na wenye mizinga. "Kesho kila mzinga utawekewa chungu pembeni," alisema Shomvi. "Vipungu havitausogelea. Sasa hivi vipungu ndivyo vinavyoifukuza mizinga ile irudi mapangoni. Visipokwenda, yule Mnyone..."

"Namjua Mnyone," alisema Subilaga. Kwenye mafunzo, alipovunjika mguu, ni Jabali Mnyone aliyembeba mgongoni hadi barabarani, akimwimbia nyimbo za ovyo ili asizimie. Mke wa Jabali ndiye aliyemsuka Subilaga nywele wiki iliyopita, akimwuliza kila mara kama kuna habari zozote kutoka korongoni.

Shomvi alisimama, akatafuta kofia yake. "Mimi nakwenda kuswali adhuhuri," alisema. "Ile redio ya kona haina mwenyewe." Alifika mlangoni, akarudi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akatoka.

Subilaga alibaki ameketi. Alikuwa na watu wawili mbele yake, mama yake mdogo aliyeko Lutengwe upande huu na Jabali upande ule, na nyuma ya kila mmoja umati. Hakuna hesabu iliyomtulia. Alijaribu kuwaza kama askari, ikashindikana. Akajaribu kuwaza kama mtoto wa Lutengwe, akajichukia. Mwishoni alichokiona ni kimoja tu: Jabali alikuwa na bunduki mkononi na alijua yuko vitani, na wale wengine walikuwa wamekaa chini wanalia. Akapiga moyo konde, akaifungua redio. Masafa ya zahanati ya Lutengwe aliyajua kwa moyo. Ndiyo aliyotumia kumsalimia mama yake kabla ya vita.

"Lutengwe. Lutengwe, nasikika?"

Mkwaruzo mrefu. Kisha sauti ya mwanamke. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama mdogo. Subi."

Anyosisye, mdogo wake mama, muuguzi wa zahanati ile tangu ujana wake, aliitambua sauti papo hapo. Yake mwenyewe ikapasuka. "U mzima! Mwanangu, tunakusubiri wewe. Mama yako tumeshamzika. Alikuwa darajani anawapelekea kuni watu wa Bondeni, daraja likapigwa. Njoo uwashe moto, Subi. Watoto wanakohoa kwa baridi, na wagonjwa wangu siwezi hata kuwachemshia maji."

"Mama mdogo, nisikilize. Uwasheni sasa hivi, kila nyumba. Alasiri ndege zinakuja. Mtaa zitakaoukuta hauna majiko zitaupiga."

"Ndiyo maana." Anyosisye alilisema taratibu. "Ndiyo maana Ifumbe... Mungu wangu. Tukimbie?"

"Msikimbie. Mkiwa wengi njiani mtaonekana ni jeshi. Pikeni tu."

"Nani auwashe? Mimi si mtoto wake. Nikiuwasha mimi hakuna nyumba itakayoupokea, watasema nimemwibia dada yangu moto na yeye hajapoa kaburini."

"Hata kama ni kufa?"

"Usiniulize hivyo, mwanangu. Kila kitu mmetunyang'anya. Wafu wetu ndio tuliobaki nao."

Mmetunyang'anya, alisema. Subilaga alilisikia vizuri, na mama mdogo naye akajua kwamba limesikika.

"Uko nao," alisema Anyosisye.

"Niko nao."

"Mama yako alijua. Alikuwa akiulizwa anasema, mwanangu yuko kwenye kazi ya serikali, halafu anabadilisha mazungumzo." Pumzi ndefu ikapita redioni. "Sasa utafanyaje na wewe uko huko?"

Subilaga alitoa kasha la kiberiti. "Nipeleke jikoni kwake."

Ilichukua muda. Alisikia redio ikibebwa, mbwa, kikohozi, watu wakiulizana, mlango wa mbao ambao kelele yake angeijua popote pale duniani. "Tumefika," alisema Anyosisye. "Wazee wapo. Majani makavu na kiberiti nimevishika."

Subilaga alisogeza mdomo karibu na redio akasema maneno aliyomsikia mama yake akiyasema siku ile ya bibi, maneno ambayo hakujua kama bado anayo. "Aliyeuwasha amelala. Mimi niliyetoka kwake nauamsha."

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikawaka, akaisogeza karibu na redio hadi akasikia joto mdomoni.

"Mmesikia?"

Kisha sauti ya mzee mmoja, kwa mbali: "Tumesikia. Huo ni mkono wa mtoto wake. Washa, mama."

Akasikia majani yakishika moto. Mtu mmoja jikoni mle akaanza kulia kwa sauti, ndipo wote wakalia, na Subilaga akalia pamoja nao, kichwa amekilaza juu ya meza ya jeshi, njiti ikimuunguza vidole.

"Nitaushika mimi mpaka utakapofika," alisema Anyosisye alipotulia. "Mwenye moto nitakuwa mimi kwa niaba yako. Uje lakini."

"Nitakuja. Kimbia, Mama mdogo. Bondeni wako mbali."

"Daraja hakuna, nitazungukia kivukoni. Nina kaa la moto kwenye kigae. Miguu yangu bado inanitii."

*

Alasiri mawingu yalifunguka. Subilaga aliingia ukumbi wa ramani vipungu vikiwa tayari angani, alama nyeupe zikisogea kutoka pembeni. Hakuna aliyemwuliza kwa nini hajapumzika, kwa sababu wote walikuwa wamekodolea macho Lutengwe.

Karibu na kanisa la mawe palikuwa na nukta nyekundu. Pembeni yake ikazaliwa ya pili, ya tatu, kisha tano kwa mpigo. Moto ulikuwa unatembea. Mtu aliyewahi kuishi kule angeweza kuona sura za watu ndani ya nukta zile: huyu anampa kaa jirani yake, jirani anamkabidhi mkwewe, mtu anakimbia na kigae kinachomuunguza. Maofisa hawakuona sura. Waliona mji uliohama unarudi bila mtu yeyote kupita njiani, na mmoja akasema mtambo umeharibika.

"Haujaharibika," alisema Subilaga. "Nimewaambia wapike."

Jenerali alimgeukia. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechakaa. "Kwa redio?"

"Kwa redio."

"Unajua umewaambia na nani."

"Najua. Virudishe, Jenerali. Umeona kwa macho yako kwamba pana watu."

Jenerali aliirudia ramani. Mtaa wa kanisani ulikuwa umejaa nukta, na Mjuzi akafuta maandishi yake pale. Mtaa wa juu ukafuata. Vipungu viwili vilivyokuwa vinauelekea vikageuka vyenyewe. "Unaona?" alisema Jenerali, karibu kwa furaha. "Kanuni inafanya kazi. Palipo na watu havipigi."

"Na Bondeni?"

Ng'ambo ya mto hapakuwa na nukta hata moja. Mjuzi aliendelea kuandika hakuna watu. Ila kwenye mteremko, nje ya nyumba zote, kulikuwa na chembe moja ya joto, ndogo kiasi kwamba ilipotea na kuonekana, ikishuka kuelekea kivukoni.

"Yule ni mama yangu mdogo," alisema Subilaga. "Ana kaa kwenye kigae. Mpe muda, Jenerali. Toa neno moja tu virudi, kesho nifunge, ninyonge, sitalalamika."

Kinywa cha Jenerali kilifunguka. Subilaga aliliona neno likija, aliapa baadaye kwamba aliliona. Lakini kutoa neno lile kulikuwa ni kukiri kuhusu Lutengwe, na anayekiri kuhusu Lutengwe lazima akiri kuhusu Ifumbe, na Nsongola, na Mwakila, na makofi yote. Mtu mmoja hawezi kuubeba mzigo huo kwa dakika moja, huku akitazamwa na maofisa wake. "Mjuzi atamwona akifika," alisema Jenerali. "Tusubiri Mjuzi."

Chembe ilifika mtoni. Ikasimama, labda maji yalikuwa mengi, labda alikuwa anapandisha nguo. Ikaingia majini, ikavuka. Ilifika nyumba ya kwanza ya Bondeni, na hapo nukta nyekundu ikazaliwa, moja, halafu ya pili.

Majiko mawili katika mtaa mzima ni majiko ya askari. Ndivyo walivyopitisha wakati wa chai.

Ramani ya Mjuzi haikuwa na sauti. Bondeni iling'aa yote kwa pamoja, nyekundu kuliko jiko lolote, kisha ikaanza kupoa.

*

Walimfungia kwenye chumba cha vifaa. Siku tatu hakuna aliyemsemesha isipokuwa askari wa kumletea chakula, ambaye hakuthubutu kumtazama. Shomvi alisikika mara moja nje akiomba aruhusiwe kumwona, akakataliwa. Asubuhi iliyofuata walikuja kumchukua, wakampeleka ukumbini kwa Jenerali.

"Tazama," alisema Jenerali. Hakuwa amenyoa ndevu.

Juu ya kilima cha Nyavula palikuwa na mstari wa nukta nyekundu zilizopangika vizuri. Mjuzi alikuwa ameandika pembeni yake: WATU. Vipungu vilikuwa vimeruka juzi na jana, na mara zote mbili vilipita bila kupiga.

"Mizinga inapika uji, Meja," alisema Jenerali. "Mnyone hajasikika tangu jana mchana."

Subilaga alikaa bila kuambiwa akae. Aliuona mgongo wa Jabali, akazisikia zile nyimbo za ovyo, akakumbuka vidole vya mkewe kwenye nywele zake. Kisha macho yake yakashuka kutoka Nyavula hadi Lutengwe.

Lutengwe ilikuwa giza.

"Jioni ileile ya Bondeni walizima tena," alisema Luteni kwa sauti ndogo. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Akarudisha ramani nyuma bila kuombwa. Jiko la kwanza kuzimika lilikuwa la nyumba ya zahanati. Kisha zilizoizunguka, kisha zilizozizunguka hizo, mpaka pembeni kabisa, mpaka mtoni ambako mji sasa ulikomea.

Nyumba ya zahanati ni kwa Anyosisye. Alikuwa ameushika moto kwa niaba ya mwingine, akafa ameushika, na mji ukamzimia kama mwenye moto kamili. Hakuwahi kuzaa. Kwao, mtoto wa dada ndiye mtoto, na dada alikuwa na mmoja tu.

Chini ya mji Mjuzi alikuwa ameandika, kwa herufi zake ndogo: HAKUNA WATU.

"Mkuu wa Majeshi ameona," alisema Jenerali. "Anataka Lutengwe imalizwe kabla waasi hawajaingia humo. Nimemwambia nitakuuliza kwanza. Wewe unawajua." Aliinyooshea Lutengwe kidole. "Safari hii wamehama kweli?"

"Wapo, Jenerali," alisema Subilaga. "Wananisubiri mimi." Alinyoosha mkono, kiganja juu. "Naomba kiberiti."

Jenerali Mkondola alitoa kasha jipya mfukoni. Alilishika karibu na sikio akalitikisa taratibu, njiti zikagongana ndani. Aliutazama mkono wa Subilaga uliokuwa ukimsubiri. Aliutazama mstari wa majiko ya Nyavula. Kisha akalirudisha kasha mfukoni, akakifunga kifungo cha mfuko, akamgeukia Luteni.

"Mawingu yanafunguka saa ngapi?" aliuliza.